Harufu ya makoti ya mtumba inatokana na nini hasa? Na koti la kizamani la baridi mnalichaguaje?

#1 Kipupwe Tabata
Habari za jioni wakuu.

Mwezi wa saba tunapeleka posa ya mdogo wangu Njombe. Mwaka jana nilipita Makambako na sweta jepesi la dukani Kariakoo. Nikashuka kwenye basi alfajiri, upepo wa pale ukaniingia mpaka mbavuni. Nikaapa sirudi nyanda za juu bila koti la maana.

Basi Jumamosi nimeshinda soko la mitumba la Karume. Nimetoka na koti refu la sufu, rangi ya majivu, lebo ya Uingereza, bitana nyeusi inayoteleza. Alianzia 45,000 tukamalizana 28,000. La pili ni jaketi la ngozi la kahawia, 40,000. Nayapenda sana yote mawili. Lile koti ukilishika tu unajua aliyelishona hakuwa na haraka.

Tatizo harufu. Ile ile mnayoijua. Nimeyaanika barazani siku tatu, haijabanduka. Kaka yangu anasema ni dawa ya kupuliza, mke wangu anasema ni ukungu, na jirani yetu mama mtu mzima anasema ni nguo za marehemu, nisiziingize ndani.

Hiyo harufu ni nini, na inatokaje? Na mnaoyajua makoti ya zamani, mnaangalia nini kabla ya kutoa hela?

#2 Mwana Mabibo
Nimekaa hapa nasubiri wajuzi. La kwangu lina mwaka wa nne na bado linanukia Karume.

#3 Muuza Makoti Ilala
Kaka yako yuko sahihi. Nauza makoti na majaketi, huu mwaka wa kumi na moja. Mzigo unafukizwa dawa kabla ya kupakiwa, na karatasi yake inakuja na mzigo. Belo ni kilo 45, limebanwa na mashine mpaka ukiligonga linalia kama tofali. Siku ya kukata mikanda, nguo zinaanza kuinuka zenyewe polepole, kama unga uliotiwa hamira, na harufu inakupiga usoni hapo hapo. Kama ingekuwa jasho la mtu, kwa nini belo la Kanada, la Ujerumani na la Korea yanuke sawa?

Kuhusu bei, hukuibiwa, ila umekuja wakati mbaya. Wateja wangu wa Mbeya, Njombe na Iringa wanaanza kubeba tangu mwezi wa nne, na wao ndio wanaopandisha. Njoo Januari, Dar nzima inatafuta feni, makoti yamenijazia banda. Jaketi ulilochukua 40,000 sasa hivi, Januari nakuachia kwa nusu.

#4 Dobi Mstaafu
#3 naheshimu biashara yako, ila hapo sikubali. Nimefua nguo za watu zaidi ya miaka thelathini. Dawa ya kufukiza ni gesi. Mzigo ukifunguliwa ukapata hewa, gesi inaondoka, haikai kwenye kitambaa miezi. Kinachokaa ni mafuta. Mwili wa binadamu unatoa mafuta. Yanaingia kwenye kola, kwapani, kwenye midomo ya mifuko. Ukifua kwa maji ya baridi na sabuni kidogo hayatoki yote. Chukua nguo elfu za namna hiyo, zibane, zifungie kwenye kontena la chuma wiki kadhaa baharini, mchana joto, usiku chuma linapoa na kutoa jasho ndani. Mafuta yaliyochacha na unyevu, harufu yenu ndiyo hiyo. Inafanana kokote inakotoka kwa sababu binadamu wote wana mafuta.

Fanyeni jaribio. Shati la pamba la mtumba ukilifua mara mbili, harufu kwisha. La poliesta fua mpaka lichakae. Ukilivaa ukapata joto kidogo tu, harufu imerudi. Poliesta ikishika mafuta haiachii. Ingekuwa dawa, ingetoka kwa zote sawa.

Mtoa mada, koti la sufu usilitie kwenye beseni. Ligeuze ndani nje, bitana itazame nje, litundike kivulini penye upepo wiki nzima, usiku unaliingiza. Kwapani, upande wa bitana, pulizia siki nyeupe kipimo kimoja na maji vipimo viwili. Anza na sehemu iliyojificha, uone kama rangi inachuja.

#5 Nesi Zamu ya Usiku
Mmesahau vile vidonge vyeupe vya nondo, nafthalini. Huko makoti yalikotoka, watu wengi walikuwa wanayahifadhi kabatini na vidonge hivyo tangu baridi iishe mpaka irudi. Mimi naamini nusu ya hiyo harufu ni hiyo. Ni kali, tamu kidogo, inapanda kichwani.

Naomba mnisikilize kwa makini hapa. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na ni jambo la kawaida sana kwenye maeneo yetu yenye malaria. Mtoto wa namna hiyo akimeza nafthalini, au akafungwa kwenye nguo iliyokaa nayo muda mrefu, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Anakuwa wa njano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Vidonge vyenyewe vinafanana na peremende. Kama koti linanuka hivyo, msimfunikie mtoto usiku kwenye basi kabla halijapigwa na hewa siku nyingi. Na msivinunue kuweka kabati la nyumba yenye watoto.

#6 Mwana Mabibo
Asante dada #5, hili la watoto sikulijua kabisa. Sisi tunaweka mpaka kwenye begi la nguo za mtoto. Leo natoa.

#7 Babu wa Kabuti
Jirani yako usimcheke, Kipupwe. Sisi wa zamani mitumba tuliiita kafa Ulaya. Watu waliona haiingii akilini mtu akatoa koti zima lenye vifungo vyote akiwa hai. Wakasema mwenyewe amekufa. Harufu nayo ikazidi kuwathibitishia.

Baba yangu alikuwa na kabuti. Vijana siku hizi mnasema koti refu, lakini jina lake ni kabuti: zito, linafika chini ya magoti, kola ukiisimamisha inaziba masikio. Alilipata kwa askari aliyerudi vita vya pili. Kwetu Makete lilikuwa koti mchana na blanketi usiku. Lilifika miaka ya themanini, nimelivaa mwenyewe kwenda shule na lilikuwa linaburuza umande. Halikuwahi kufuliwa hata siku moja. Mama alilipiga kwa fimbo juani, akalisugua kwa brashi ya majani, basi. Sikumbuki kulisikia likinuka kitu zaidi ya moshi wa jikoni.

Mitumba ya kumwaga chini sokoni tumeiona alipoingia Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, 1985.

#8 Mwalimu wa Kemia
Shikamoo mzee #7. Nyongeza ndogo tu kwenye mwaka: Mzee Mwinyi aliingia Novemba 1985, ila mlango wa watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao ulianza kufunguliwa 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado madarakani. Ruksa ikaja kuupanua.

#9 Babu wa Kabuti
Marahaba mwalimu. Sawa, nakubali. Sisi tulikuwa shamba, habari zilitufikia na mzigo wenyewe.

#10 Fundi Tandika
Mtoa mada ameuliza kuchagua, mnamjibu harufu tu. Mimi fundi cherehani, makoti ya mtumba napokea kila wiki kupunguza mikono na kubadili bitana, kwa hiyo nayaona tumboni.

Cha kwanza usisome lebo, shika kifua. Chukua sehemu ya mbele chini ya tundu la kifungo, bana kitambaa cha nje kwa vidole vya mkono mmoja na cha ndani kwa mkono wa pili, kisha vitenganishe taratibu. Ukisikia katikati kuna kitambaa cha tatu kinacheza peke yake, hilo limeshonwa kizamani, ndani kuna turubai nyepesi iliyoshikwa kwa uzi. Ukikuta vyote vimeshikana kama kadibodi, limegandishwa kwa gundi. La gundi si baya, lakini kwa joto letu na pasi zetu, gundi inaachia, kifua kinaota malengelenge, na hakuna fundi wa kuyarudisha chini. Mimi kazi hiyo nimeacha kuipokea.

Halafu linyanyue juu lielekee jua, utazame ukiwa ndani yake. Matundu ya nondo yanaonekana kama nyota. Mawili matatu madogo nayaziba kwa uzi wa koti lenyewe, nauchomoa ndani ya pindo. Yakiwa mengi upande mmoja, rudisha, huenda kuna mayai.

Kwapani, bitana ikichanika kwa kuvutwa kidogo tu imekufa. Weka bei ya bitana mpya kwenye hesabu yako kabla ya kuelewana. Kwa koti refu ni mita mbili na zaidi pamoja na ufundi. Watu wengi wanafurahia koti la 15,000 halafu wanalia kwangu.

Umri: makoti ya Marekani, maelekezo ya kufua ndani ya nguo yakawa lazima 1972. Ukikuta la Marekani halina maelekezo hayo wala alama kwamba lebo imekatwa, huenda ni la kabla ya hapo. Ile nembo ya sufu, inayofanana na kibonge cha uzi kilichosokotwa, imeanza 1964, kwa hiyo lenye nembo hiyo haliwezi kuzidi hapo kwa uzee.

#11 Kinyozi Mwenge
Na zipu wakuu. Ukiona imeandikwa YKK ujue hilo orijino, nunua macho yamefumba.

#12 Fundi Tandika
Hapana #11. YKK ni kampuni ya Kijapani ya tangu 1934, inauzia zipu viwanda vya kila aina duniani. Inakuambia zipu ni nzuri. Koti ni la nani na la mwaka gani, haikuambii. Mimi naangalia meno ni ya nini. Shaba inatoa ukijani ila haifi. Ipitishie mshumaa au ncha ya penseli, inateleza kama mpya. Ya chuma ikishapata hewa ya bahari, inakula kutu mpaka inachafua kitambaa pembeni.

#13 Boda Mbagala
Mimi jaketi ni vazi la kazi. Watu wanasema Dar hakuna baridi, lakini abiria wa saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba, ukipita naye daraja la Tanzanite upepo unatoka baharini, kifua kinauma wiki nzima. Nimenunua majaketi ya ngozi matatu ya mtumba. Mawili yamebanduka kama ngozi ya nyoka. Moja lilikuwa zuri kabisa siku nanunua, miezi minne baadaye mabega yanamwaga magamba meusi, abiria wananyanyuka na uchafu mashavuni. Nimeambiwa ni chumvi ya bahari. Mwenzangu wa Kigamboni la kwake limebanduka haraka zaidi, mimi la tatu nalivaa njia ya Kimara tu na bado liko imara.

#14 Mwalimu wa Kemia
Pole mkuu. Hayo mawili hayakuwa ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa poliurethani, plastiki ile ile ya makochi yetu ya sebuleni ambayo nayo yanabanduka tunawalaumu mafundi. Poliurethani ya namna hiyo inavunjwa na maji yaliyomo hewani. Mvuke unaingia taratibu, unakata minyororo ya plastiki, joto linaharakisha kazi. Inaanza tangu siku ilipotoka kiwandani, hata kama jaketi limefungwa kabatini halivaliwi. Kwa hiyo ulinunua jaketi ambalo muda wake ulishakwisha likiwa bado linang'aa. Dar ni unyevu na joto kwa pamoja, hakuna mji mgumu zaidi kwa kitu hicho.

#15 Boda Mbagala
Sawa mwalimu, lakini yote matatu nilinunua meza moja, wiki moja, na yote yanafanana. Kwa nini lile la Kimara halijabanduka?

#16 Kinyozi Mwenge
Jasho. Mabega na shingo ndiko kunakoanza kila siku. Jasho lina chumvi pia.

#17 Muuza Makoti Ilala
Ni jua. Jaketi la boda linaanikwa kwenye kiti cha pikipiki kutwa. Mimi nayatundika ndani ya banda kivulini, yana miaka miwili hayajauzwa na hayajabanduka.

#18 Mwalimu wa Kemia
Jua na jasho vinachangia, sibishi. Ila makochi hayaendi juani na yanabanduka.

#19 Mama Wawili Kimara
Makochi yanakaliwa na watu wenye jasho, mwalimu 😂

#20 Fundi Tandika
Kwa kununua huhitaji kujua nani ameshinda hapo. Geuza jaketi, tafuta sehemu ambayo ngozi imekatwa ikabaki wazi: ndani ya mfuko, chini ya kola, pale mkono unapoungana na bitana. Ngozi ya mnyama upande wa nyuma ina manyoyamanyoya, na mkato wake unaona nyuzi kama za nyama kavu. Ya plastiki ina kitambaa nyuma, na mkato unaona tabaka mbili, kama keki. Ikunje pia kwa kidole gumba. Ya kweli inakunjamana kwa mistari myembamba isiyofanana, halafu inarudi. #13, la Kimara ligeuze ututazamie.

#21 Boda Mbagala
Nimegeuza sasa hivi. Lina manyoya nyuma. Kumbe muda wote ni ngozi kweli, nilipewa kwa 18,000.

#22 Muuza Makoti Ilala
Aliyekuuzia hajui mzigo wake. Mungu akubariki.

#23 Kipupwe Tabata
Nimelikagua na mimi. La kahawia ni ngozi, nashukuru sana #20. Ila juzi baada ya ile mvua nimekuta kola ina vumbi jeupe, likifutwa linarudi. Nimepaka mafuta ya nazi. Nimefanya sawa?

#24 Dobi Mstaafu
Hapana, mwanangu. Hilo vumbi ni ukungu, na mafuta ya nazi umeulisha. Toa jaketi nje kabisa, usifutie ndani ya nyumba. Lifute kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha kwa spiriti ya duka la dawa iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kitambaa kiwe na unyevu tu, kisilowe. Jaribu ndani ya kola kwanza kwani rangi nyingine zinatoka. Liache kivulini penye upepo mpaka likauke lenyewe. Jua kali linaikausha ngozi mpaka inapasuka.

Baada ya hapo, mahali pa kulitunzia. Usilifunge kwenye mfuko wa nailoni. Naona watu wanafanya hivyo kwa nia njema, halafu wanatuletea jaketi limeota nywele. Ngozi inataka kupumua. Lifunike kwa kanga kuukuu, kiango kiwe kinene mabegani, kabati lisigusane na ukuta wa nje, na masika yote mlango wa kabati uuache wazi mchana. Mkaa uliofungwa kwenye kitambaa unavuta unyevu kidogo na harufu.

#25 Babu wa Kabuti
Kuhusu mafuta ya nazi sikubaliani moja kwa moja. Mshipi wa baba na mikoba ya ngozi tuliipaka mafuta miaka yote na ikadumu.

#26 Dobi Mstaafu
Mzee wangu, Makete kuna baridi na moshi wa jikoni. Hapa tuna unyevu wa bahari. Kitu kile kile, hewa nyingine.

#27 Babu wa Kabuti
Moshi nao una maana, hapo umenipa la kufikiri. Lakini hata shangazi yangu wa Bagamoyo alipaka mkoba wake mafuta hayo hayo.

#28 Mama Wawili Kimara
Naomba niseme langu kwa uchungu. Nilikuwa na koti la sufu jekundu, la miaka ya sabini kwa maelezo ya fundi wangu, vifungo vya pembe, ukivigusisha shavuni ni baridi kama kikombe cha chuma. Nililinunua mshahara wangu wa kwanza. Nikalipeleka kwa dobi mmoja wa mashine hapa mjini, nikamwambia hili ni sufu, akaitikia. Alilirudisha limefungwa vizuri na karatasi. Kulifungua, mikono inaishia kwenye viwiko, kitambaa kimekuwa kinene kama zulia. Sikulipwa chochote. Niliambiwa nguo za mtumba hawana dhamana nazo. Nimelia kama mtoto.

Tuelezeni, kwa nini inatokea hivyo?

#29 Dobi Mstaafu
Pole sana mama. Hilo nalijua na linaniuma, ni aibu ya kazi yetu. Unywele wa sufu una magamba madogo, kama samaki. Maji ya moto yanayafungua, mashine inazisugua nyuzi, magamba yanashikana, na yakishashikana hayaachiani tena. Na klorini ya kung'arishia isigusishwe sufu kamwe, inaiyeyusha kabisa. Ukilazimika kuifua: maji baridi, sabuni laini kama ya nywele, bonyeza usisugue wala kukamua, izungushie taulo, ikaushe imelala. Ila kabuti lenye bitana na turubai ndani usifue nyumbani. Brashi, hewa, na doa moja moja.

#30 Kinyozi Mwenge
Nikichepuka kidogo: jaketi za rangi ya jeshi vipi? Nimeona moja ya Kimarekani, M-65, ina kofia iliyofichwa ndani ya kola kwa zipu. Kitu kizuri mno.

#31 Muuza Makoti Ilala
Zile za mabakamabaka kaa nazo mbali. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo, na mitumba ilihusika. Mimi nikikuta kwenye belo siweki mezani.

#32 Kinyozi Mwenge
Hii ni kijani tupu, haina mabaka.

#33 Fundi Tandika
Wengine wananiletea nipake rangi nyeusi. Nakataa, siyo kazi ya kushindana na askari barabarani.

#34 Mwana Mabibo
Wanasheria wa humu waje watusaidie hapo kwenye kijani tupu. Kuna ya kazi za shamba, ya gereji, ya walinzi...

#35 Msafiri wa SGR
Na mimi nina langu. Nilipata jaketi la kijani kizito, la Kiingereza, Barbour, limepakwa nta. Kwenye lebo kuna nembo za kifalme tatu. Nalivaa kwenye treni ya Dodoma maana kiyoyozi cha ndani hakina huruma. Nikiliacha kwenye gari mchana Posta, linakuwa linanata kama gundi, na harufu yake siyo ya mtumba, ni kama mafuta ya taa. Nilifue kwa maji ya moto litoke?

#36 Fundi Tandika
Usithubutu! Ukilifua kwa maji ya moto au sabuni, nta inatoka yote na mvua itapita moja kwa moja. Hilo linafutwa kwa sponji na maji baridi tu, na nta inapakwa upya likikauka sana. Nembo tatu zina maana: ya kwanza Barbour walipewa 1974 na Mtawala wa Edinburgh, mume wa Malkia Elizabeth, ya pili 1982 na Malkia mwenyewe, ya tatu 1987 na aliyekuwa Mwana Mfalme wa Wales, ndiye Mfalme Charles sasa. Kwa hiyo la kwako ni la 1987 au baadaye. La nembo moja ukilikuta, nipigie kelele humu.

Ila kwa kweli siyo jaketi la Dar. Nta na joto letu havipatani. Litundike mahali pa baridi, lisigusane na nguo nyingine.

#37 Mama Wawili Kimara
Na nondo? Baada ya lile jekundu nimenunua lingine, sitaki kulipoteza.

#38 Mwalimu wa Kemia
Anayekula siyo yule kipepeo mdogo anayeruka, ni funza wake, na anapenda palipomwagikiwa chakula au jasho. Kwa hiyo safisha kabla ya kuhifadhi. Kuua mayai: lifunge koti kwenye mfuko usiopitisha hewa, liweke kwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki nzima, halafu liache lirudi kwenye joto la kawaida mfuko ukiwa bado umefungwa, lisilowe. Hapa ndipo mfuko wa nailoni una kazi.

#39 Mama Wawili Kimara
Friza yangu imejaa samaki wa Feri, mwalimu. Nikitoka humo na harufu ya changu tutaanzisha uzi mwingine.

#40 Nesi Zamu ya Usiku
Funga mifuko miwili. Mimi nimefanya, halikushika harufu. Karafuu watu wanaweka pia; sijawahi kuona imeua kitu, ila kabati linanukia vizuri, na ikikaa humo haimdhuru mtoto.

#41 Babu wa Kabuti
Udi je? Pwani wanafukiza nguo tangu enzi.

#42 Dobi Mstaafu
Udi unafunika harufu, hauitoi. Siku mbili.

#43 Kipupwe Tabata
Wakuu nimerudi Njombe jana, posa imepokelewa. Naleta mrejesho.

Koti nililitundika ndani nje siku tisa kama alivyosema #4, siki mara mbili kwapani. Siku ya kuondoka mke wangu alinusa akasema haisikii kitu. Njombe alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande wa baridi, nikatembea na kola juu, mikono mifukoni, sikuhisi chochote kifuani. Mzee mmoja wa upande wa binti aliniita pembeni, akashika ukingo wa koti kwa vidole viwili, akausugua taratibu bila kusema, kisha akauliza, "Kabuti hili umelitoa wapi?" Babu #7, nilikukumbuka.

Sasa kimbembe. Kurudi, basi lilipoteremka Kitonga joto likaanza kupanda, harufu ikarudi, siyo kali, lakini ipo, hasa bitana. Sufu yenyewe hainuki.

Na kuna kingine. Mfuko wa ndani ulikuwa na tundu, kitu kizito kinatembea kwenye pindo. Nimefumua mishono mitatu, ikatoka sarafu ya shaba ya Kiingereza, senti mbili zao, 1971, imeandikwa NEW PENCE. Koti ni la 1971?

#44 Fundi Tandika
Hongereni kwa posa. Sarafu ya 1971 imetumika miaka mingi baadaye, kwa hiyo inakuambia tu kwamba koti lilikuwa linavaliwa 1971 au baada ya hapo. Maneno hayo ya NEW waliyaondoa baada ya 1981, ila za zamani ziliendelea mifukoni. Nitafutie nembo ya sufu karibu na mfuko huo.

#45 Dobi Mstaafu
Umeona? Joto limepanda, harufu imerudi, na ni kwenye bitana. Bitana ni ya plastiki, sufu imeachia. Ndiyo nilichosema tangu mwanzo.

#46 Nesi Zamu ya Usiku
Nafthalini nayo ikipata joto inapanda hewani. Hilo halijakanushwa.

#47 Muuza Makoti Ilala
Na dawa pia.

#48 Kipupwe Tabata
#44 nembo ipo, imefifia, nyuma ya lebo. Fundi, bitana mpya ya pamba kwa koti refu unachukua mita ngapi hasa, na nilete lini?

#49 Fundi Tandika
Ya pamba itakuwa inakwama kwenye mikono ukivaa juu ya shati. Weka pamba mgongoni, mikononi weka inayoteleza. Mita mbili na nusu za upana wa kawaida, ninunulie Kariakoo mwenyewe uchague rangi. Lete Alhamisi, na sarafu uje nayo niione.